Louis Pasteur: Mkemia Aliyeusaka Ugonjwa Asiouona, na Safari ya Kichaa cha Mbwa Hadi Pemba

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 1831, mbwa mwitu mwenye kichaa alishuka kutoka katika misitu ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, akapita katika vijiji vinavyouzunguka mji mdogo wa Arbois akiwauma watu na mifugo aliokutana nao njiani. Huyo ni mbwa mwitu wa Ulaya, mnyama mkubwa zaidi na tofauti na mbwa mwitu wa mbuga zetu. Tiba iliyojulikana wakati huo ilikuwa ni kumpeleka majeruhi kwa mhunzi, kumshika kwa nguvu na kumchoma jeraha kwa chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Pamoja na maumivu hayo, watu kadhaa walifariki dunia katika wiki zilizofuata, wakiwa wanaogopa hata kuona maji.

Karibu na karakana ya mhunzi huyo iliishi familia ya mtengenezaji wa ngozi, Jean-Joseph Pasteur, aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la Napoleon. Mwanawe Louis, aliyezaliwa tarehe 27 Desemba, 1822 katika mji wa Dole, alikuwa bado hajatimiza miaka tisa. Tukio hilo la vilio na chuma cha moto lilibaki kichwani mwake maisha yake yote. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mtoto huyo akiwa mzee aliyepooza upande mmoja wa mwili ndiye aliyeupatia ulimwengu chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na ndiyo sababu Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila mwaka tarehe hiyo.

Wananchi wengi wanalijua jina lake kupitia maziwa. Neno linaloonekana kwenye pakiti za maziwa yaliyochemshwa kwa joto maalumu ili kuua vijidudu limetokana na jina la Pasteur. Wachache wanafahamu kuwa hakuwa daktari wa binadamu wala wa mifugo, na kwamba kirusi cha ugonjwa uliompa umaarufu mkubwa hakuwahi kukiona kwa macho yake mpaka anaingia kaburini.

Pasteur alikuwa mkemia. Aliingia katika chuo maarufu cha ualimu cha École Normale Supérieure jijini Paris mwaka 1843, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1847, na mwaka mmoja baadaye akawashangaza wakubwa wake kwa ugunduzi kuhusu fuwele. Akitumia hadubini na koleo ndogo, alizitenganisha fuwele za chumvi moja katika mafungu mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, akaonesha kuwa kila fungu linaupindisha mwanga upande wake. Kazi hiyo ingetosha kumpa heshima ya kudumu katika kemia. Mwaka 1849, akiwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Strasbourg, alimwoa Marie Laurent, aliyekuwa msaidizi wake na mwandishi wa kumbukumbu zake kwa zaidi ya miaka 40. Walijaliwa watoto watano. Watatu kati yao walifariki wakiwa wadogo, na misiba hiyo haiwezi kutenganishwa na ukali ambao Pasteur aliutumia baadaye katika kupambana na magonjwa.

Kutoka Strasbourg alihamia Lille mwaka 1854, mji wa viwanda, ambako aliacha fuwele na kuanza kuchunguza uchachukaji wa pombe. Alibaini kuwa uchachukaji ni kazi ya viumbe hai wadogo, na kwamba kila aina ya uchachukaji ina kiumbe chake. Katika miaka ya 1860, kwa kutumia chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama shingo ya bata maji, alionesha kuwa mchuzi uliochemshwa hauozi iwapo vumbi la hewani haliufikii. Fikra ya kwamba vijidudu huzuka vyenyewe kutoka katika uozo ilipata pigo ambalo haikuinuka tena. Baada ya hapo aliitwa na serikali yake kwenda kusini mwa nchi kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri. Katikati ya kazi hiyo, Oktoba 1868, alipata kiharusi kilichomwacha na udhaifu wa mkono na mguu wa kushoto. Alikuwa na miaka 45, na kazi yake kubwa zaidi ilikuwa bado haijaanza.

Chanjo zilianzia kwa kuku. Mwaka 1879 Pasteur na wasaidizi wake waligundua kuwa vijidudu vya kipindupindu cha kuku vilivyokaa muda mrefu maabara vilidhoofika, na kuku waliochomwa vijidudu hivyo hawakufa hata walipochomwa baadaye vile vikali. Mwaka 1881, mbele ya wakulima, madaktari wa mifugo na waandishi wa habari katika shamba la Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo 24 dhidi ya kimeta na kuwaacha wengine 24 bila chanjo. Wote 48 walipochomwa vijidudu vikali, waliochanjwa walinusurika na wasiochanjwa wakafa. Ushindi ulikuwa mkubwa, ingawa daftari zake za maabara, zilizofikiwa na watafiti karibu karne moja baadaye, zinaonesha kuwa chanjo iliyotumika siku ile ilitengenezwa kwa njia ya msaidizi wake Charles Chamberland na si kwa njia ambayo umma uliachwa uamini. Pasteur alikuwa mtu wa siri, mwepesi wa hasira anapopingwa, na aliyependa sifa. Kuyasema hayo hakupunguzi uzito wa kazi yake.

Desemba 1880, wakati kazi ya kimeta ikiendelea, aligeukia kichaa cha mbwa. Daktari mstaafu wa mifugo wa jeshi alimletea mbwa wawili wenye ugonjwa huo, na katika siku zilezile mtoto mmoja alifariki kwa kichaa katika hospitali jijini Paris. Pasteur alichukua mate ya mtoto huyo, akawachoma sungura, nao wakafa ndani ya siku mbili. Katika damu yao aliona kijidudu chenye umbo kama la tarakimu nane, akadhani amempata adui. Uchunguzi zaidi ulionesha kuwa kijidudu hicho kinapatikana hata katika mate ya watu wazima wenye afya. Hakikuwa na uhusiano wowote na kichaa. Leo tunakifahamu kama bakteria mmojawapo wa homa ya mapafu.

Kosa hilo lilimfundisha kuacha kukisaka kijidudu kwa macho. Ikumbukwe kuwa kirusi cha kichaa cha mbwa, chenye umbo la risasi, kina urefu wa takribani nanomita 180 tu, hivyo hakuna hadubini ya mwanga ya karne ya 19 wala ya leo inayoweza kukionesha. Umbo lake lilionekana katika miaka ya 1960 kwa hadubini ya elektroni. Pasteur aliamua kukifuata kirusi mahali kinapoishi bila kukiona. Dalili za ugonjwa, yaani kupooza, ukali na hofu ya maji, zilimwonesha kuwa makao yake ni ubongo na ugwe wa uti wa mgongo. Daktari wa mifugo Pierre Galtier wa Lyon alikuwa tayari ameonesha, mwaka 1879, kuwa ugonjwa unaweza kuambukizwa kutoka kwa mbwa kwenda kwa sungura, mnyama rahisi kufugwa na asiye hatari kama mbwa. Pasteur alijenga juu ya msingi huo. Haki ya Galtier katika simulizi hii mara nyingi husahaulika.

Msaidizi wake kijana, Daktari Émile Roux, alipendekeza kuweka sehemu ya ubongo wa mnyama mgonjwa moja kwa moja chini ya fuvu la mbwa mzima. Pasteur alisita. Hakupenda kuona mnyama akitobolewa fuvu, na aliamini mbwa angeumia vibaya. Roux aliifanya kazi hiyo siku ambayo mkuu wake hakuwepo, na kesho yake mbwa akaja mbio kumpokea Pasteur akitikisa mkia. Wiki mbili baadaye mbwa huyo alipata kichaa. Kuanzia hapo maabara ilikuwa na njia ya uhakika ya kuupata ugonjwa kila ulipohitajika, bila kusubiri miezi kadhaa kama inavyotokea kwa aliyeumwa mguuni.

Hapa ndipo ulipofanyika uamuzi ambao matunda yake yanaonekana mpaka leo katika maabara za vinasaba. Kuanzia Novemba 1882, Pasteur na Roux walikipitisha kirusi kutoka sungura mmoja hadi mwingine, kizazi baada ya kizazi. Kufikia mwaka 1885 walikuwa wamefikia takribani sungura wa 90 katika mnyororo mmoja usiokatika. Muda wa ugonjwa kujitokeza, ambao mwanzoni ulikuwa wiki mbili hivi, ulipungua taratibu mpaka siku saba, ukatulia hapo. Kirusi kilikuwa kimebadilika. Pasteur alikitenganisha kirusi hicho kilichotulia na kile cha mitaani kilichokuwa kikisambazwa na mbwa wa Paris, lakini hakuwa na chombo cha kumweleza ni kitu gani hasa kilichobadilika.

Jibu lilipatikana karibu miaka 100 baadaye, katika taasisi iliyobeba jina lake. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris walisoma mpangilio wa vinasaba vya kirusi kilekile kilichohifadhiwa tangu enzi za sungura wale. Kina jeni tano tu, zilizoandikwa kwa takribani herufi 12,000 za kikemia. Kila kirusi kinapojinakili ndani ya seli, mwandishi wake hukosea herufi moja moja, na kosa lisilokiua kirusi hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Makosa hayo ni machache, yanayohesabika kwa mwaka, na kwa sababu hiyo yanafaa kuwa alama. Virusi viwili vyenye makosa yaleyale vina babu mmoja wa karibu. Vikiwa na makosa tofauti mengi, basi vilitengana zamani. Mtaalamu akiwa na sampuli za ubongo wa mbwa waliokufa katika wilaya mbalimbali, pamoja na tarehe na mahali kila mmoja alipopatikana, anaweza kuchora ukoo wa virusi hivyo, kisha kuulaza ukoo huo juu ya ramani. Ramani hiyo humwambia ugonjwa ulikotoka, ulipopita na kwa kasi gani.

Pasteur hakujua lolote katika hayo. Alichojua ni kwamba ugwe wa sungura aliyekufa kwa kichaa, ukitundikwa ndani ya chupa yenye hewa iliyokaushwa kwa potashi, hupoteza makali yake siku hadi siku, na kwamba baada ya siku 14 hauui tena. Aliwachoma mbwa kwanza ugwe wa siku nyingi, kisha wa siku chache zaidi, mpaka ule mbichi. Kufikia katikati ya mwaka 1885 alikuwa na mbwa 50 ambao kwa maelezo yake hawakuweza tena kuambukizwa.

Tarehe 6 Julai, 1885, mama mmoja kutoka Alsace aliingia maabara akiwa na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mara 14 siku mbili zilizotangulia, mikononi na miguuni, kiasi cha kushindwa kutembea vizuri. Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani tangu vita vya 1870 hadi 1871, vita ambavyo Pasteur alivichukulia kama jeraha lake binafsi. Sasa mtoto wa eneo hilo alikuwa mbele yake. Sheria haikumruhusu kumchoma mtu sindano. Ikiwa angemchanja na mtoto akafa, asingeweza kujua kama ameuawa na mbwa au na chanjo. Ikiwa asingemchanja, kulikuwa na uwezekano mkubwa wa kifo kisicho na tiba, wakati huo na hata leo baada ya dalili kuanza.

Aliwaita madaktari wawili, Vulpian na Grancher, wakamwona mtoto. Jioni ya siku hiyo Grancher alimchoma sindano ya kwanza chini ya ngozi ya tumbo, yenye ugwe wa sungura uliokaushwa kwa siku 15. Zilifuata nyingine, jumla 13 katika muda wa siku 10, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa na kirusi chenye makali yote. Pasteur alikosa usingizi usiku baada ya usiku. Roux, aliyekuwa karibu zaidi na kazi hiyo, hakushiriki kumtibu mtoto huyo. Daftari zinaonesha pia kuwa kabla ya Meister walikuwepo wagonjwa wawili waliochomwa dawa kimyakimya, na mmoja wao, binti mdogo ambaye dalili zilikuwa zimeshaanza, alifariki. Meister alipona, akarudi kwao.

Oktoba mwaka huohuo aliletwa Jean-Baptiste Jupille, mchungaji kijana kutoka Jura, mkoa wa nyumbani kwa Pasteur. Alikuwa amepambana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa watoto wenzake, akamfunga mdomo kwa kamba ya mjeledi wake na kumuua kwa kiatu cha mbao. Naye alipona, na sanamu yake ipo mpaka leo katika viwanja vya Taasisi. Novemba aliletwa binti wa miaka 10 aliyeumwa kichwani siku 37 kabla. Pasteur alijua muda umepita, lakini hakuweza kuwakatalia wazazi. Binti huyo alifariki mapema Desemba, na wapinzani wakalitumia jambo hilo kumshambulia. Machi 1, 1886 alitoa taarifa mbele ya Akademia ya Sayansi kuhusu watu 350 waliotibiwa, kifo kikiwa hicho kimoja.

Mwezi huohuo waliwasili Warusi 19 kutoka mkoa wa Smolensk, wakiwa wameumwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, mnyama yuleyule aliyeiogofya Arbois mwaka 1831. Wengine walikuwa na majeraha makubwa usoni. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu waumwe. Walipewa sindano mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Watatu walifariki, 16 walirejea nyumbani. Mfalme wa Urusi, Alexander III, alituma faranga 100,000 kusaidia ujenzi wa taasisi mpya. Michango ya umma kutoka ndani na nje ya Ufaransa ilipita faranga milioni mbili, na tarehe 14 Novemba, 1888 Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa rasmi. Pasteur alikuwa mdhaifu kiasi kwamba hotuba yake ilisomwa na mwanawe.

Taasisi hizo zilienea nje ya Ufaransa, na mojawapo ya za mwanzo barani Afrika ilianzishwa Tunis mwaka 1893 na Adrien Loir, mpwa wa mke wa Pasteur, aliyefanya naye kazi ya sungura. Kwa hiyo Afrika Kaskazini ina nafasi yake katika historia hii kwa pande mbili. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Pasteur, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya virusi kutoka Algeria, Tunisia na Morocco. Makadirio yao yaliweka mwanzo wa ukoo wa virusi hivyo katika eneo hilo karibu na mwisho wa karne ya 19, yaani wakati uleule Loir alipokuwa akifungua maabara yake. Kilichowashangaza wengi ni njia iliyofuatwa na ugonjwa. Kuenea kwake kulielezwa vizuri zaidi na umbali wa barabara kuliko umbali wa mstari mnyoofu kwenye ramani, na virusi vilivuka mipaka ya nchi kwa nadra. Mbwa peke yake hatembei mamia ya kilometa kwa siku chache. Aliyembeba ni binadamu, ndani ya gari.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2008, uliolinganisha virusi vya mbwa kutoka zaidi ya nchi 50, uligawa virusi hivyo katika koo kubwa sita. Mmoja wa koo hizo umesambaa Ulaya, Mashariki ya Kati, Amerika na sehemu kubwa ya Afrika, na watafiti wanahusisha kuenea kwake na safari za meli za Wazungu katika karne za ukoloni. Virusi vinavyopatikana Tanzania, Kenya na nchi jirani ni tawi la ukoo huo. Katika eneo la Serengeti, vinasaba vilionesha kuwa virusi vinavyowaua wanyamapori ni vilevile vya mbwa wa vijijini, na kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaoudumisha ugonjwa. Ndiyo maana kampeni za chanjo huwalenga wao, kwa lengo la kuwafikia asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Pemba. Kisiwa hicho kiliutokomeza ugonjwa mwaka 2014 kupitia chanjo ya mbwa. Mwaka 2016 ugonjwa ukaonekana tena, watu wakaumwa, na swali likawa moja: je, kirusi kilijificha kisiwani miaka yote hiyo au kimekuja upya? Majibu mawili hayo yanadai hatua tofauti. Kama kilijificha, basi chanjo ilishindwa na mpango wote unapaswa kuangaliwa upya. Kama kimekuja, basi chanjo ilifanya kazi na kinachotakiwa ni ulinzi wa bandari na madau. Wataalamu waliwafuatilia walioumwa, nyumba kwa nyumba, na wakati huohuo wakasoma vinasaba vya virusi kutoka kwa mbwa waliokufa. Vinasaba vilionesha kuwa mlipuko ule ulitokana na virusi vilivyoingia kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili. Chanjo iliendelezwa, na kufikia mwaka 2018 mnyororo wa maambukizi ulikatika tena. Mashine zinazosoma vinasaba sasa zinaweza kutoshea kiganjani, na zimetumika nchini Tanzania na Kenya bila sampuli kusafirishwa Ulaya.

Kazi hiyo yote huanza na sampuli. Mbwa aliyekufa kwa dalili za kichaa akizikwa haraka na jirani bila ofisi ya mifugo kuarifiwa, ramani hubaki na pengo mahali pale. Mwananchi hapaswi kumgusa mnyama huyo kwa mikono mitupu wala kumkata mwenyewe. Atoe taarifa kwa ofisa mifugo wa kata. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anafahamika. Mtoto afundishwe kusema anapoumwa, kwa kuwa wengi huficha wakiogopa kugombezwa.

Tarehe 27 Desemba, 1892, Pasteur alitimiza miaka 70 na Ufaransa ikamfanyia sherehe katika ukumbi wa Sorbonne. Aliingia akiwa amemshika mkono Rais wa nchi hiyo, na daktari wa upasuaji wa Kiingereza, Joseph Lister, aliyejifunza kutoka kwake usafi wa vidonda, akaja kumkumbatia. Miaka mitatu baadaye alifariki nje kidogo ya Paris, katika eneo la Villeneuve-l'Étang, ambako serikali ilikuwa imempa majengo ya zamani ya kifalme kwa ajili ya kuwafugia mbwa wa majaribio. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, na mwaka 1896 mwili wake ukahamishiwa katika chumba cha chini ndani ya Taasisi yenyewe.

Joseph Meister alipokuwa mtu mzima alirudi hapo kufanya kazi ya ulinzi wa lango, na aliitumikia Taasisi mpaka alipofariki mwaka 1940. Kirusi cha sungura nacho hakikupotea. Kilihamishwa kutoka maabara hadi maabara, na baadhi ya chanjo ambazo mtu aliyeumwa na mbwa huchomwa begani leo hutengenezwa kwa kirusi kilichouawa, ambacho ukoo wake unarudi hadi kwenye mnyororo ule ulioanza mwaka 1882.